Wanaotunza makorongo ya Dodoma wanahitaji mamlaka, si miche peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo hutajwa kwa wepesi kila inapofika siku ya kupanda miti, kisha likasahaulika hadi mwaka unaofuata, nalo ni kazi ya wananchi wanaojitolea kutunza makorongo na mapori madogo yaliyobaki ndani na pembezoni mwa Jiji la Dodoma. Mimi ni mkazi wa mtaa mmoja ulio upande wa mashariki wa jiji, na ni miongoni mwa watu waliojiunga kulitunza korongo linalopita kati ya makazi yetu, pamoja na kipande cha pori la migunga na mikwaju kilichosalia kwenye mteremko ulio juu yake. Hoja yangu ni moja. Watu wa kujitolea wapo na kazi wanaiweza, lakini wanaifanya bila hadhi yoyote inayotambulika kisheria, kwa hiyo mtu yeyote mwenye lori anaweza kufuta kwa asubuhi moja kile walichokilinda kwa misimu kadhaa, na asiwepo wa kumuuliza.

Wengi wanaohamia Dodoma, na wamekuwa wengi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, hulitazama korongo kavu kama ardhi isiyo na kazi. Siwalaumu sana, kwa sababu mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani hazizidi sana milimita 600 kwa mwaka, hivyo kwa sehemu kubwa ya mwaka mgeni haoni pale isipokuwa mchanga, mbuzi na chupa za plastiki. Lakini wazee wa Kigogo waliotangulia hapa wanajua kwamba maji ya korongo hayaishi siku mvua inapokatika. Hujificha chini ya mchanga, na akina mama wa vijijini huyafuata huko kwa kuchimba visima vifupi hadi katikati ya kiangazi. Mchanga ukiwa mnene, jua haliyafikii maji hayo kwa urahisi. Ukikombwa hadi kwenye udongo mgumu, maji ya mvua hupita mbio na kwenda zake, na yanayobaki juu hukauka kwa siku chache.

Jambo hili si la mtaa wetu peke yake. Visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, ndivyo ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa tegemeo kuu la maji ya Dodoma. Watafiti waliochambua kumbukumbu za kina cha maji katika bonde lile, zinazoanzia miaka ya 1950, walionesha kwamba akiba iliyo chini ya ardhi haijazwi kidogo kidogo kila mwaka kama wengi tunavyodhani, bali hutegemea zaidi misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na kwamba mikondo yenye mchanga ya mito ya msimu ni njia muhimu ya maji hayo kuzama. Korongo letu halimwagi maji Makutupora, na sitaki kudai hivyo ili kuipamba hoja yangu. Hata hivyo kanuni ni ile ile: palipo na mchanga na mizizi, maji huzama, palipo na kifusi na udongo mtupu, maji hukimbia.

Yanapokimbia, huenda mbali. Maji ya upande wetu huishia mto Kinyasungwe, ambao hupita Mpwapwa, huungana na Mkondoa kuelekea Kilosa, na hatimaye huingia mto Wami unaomwaga maji yake Bahari ya Hindi. Anayekumbuka jinsi Reli ya Kati ilivyokuwa ikikatwa na mafuriko mara kwa mara kati ya Gulwe na Kilosa, abiria wakakwama na mizigo ikalala njiani, anapaswa kujua kwamba mchanga na tope vilivyofukia reli ile havikushuka kutoka mbinguni. Vilitoka kwenye vilima vilivyovuliwa miti. Bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957 na ambalo lipo jirani yetu, nalo limekuwa likipungua kina kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa sababu nahisi wengi wakisikia neno kujitolea wanaona picha ya viongozi wenye fulana mpya wakishika mche mmoja mbele ya kamera. Kazi kubwa ya kikundi chetu si kupanda. Ni kutunza visiki. Chini ya ardhi ya pori letu bado ipo mizizi hai ya miti iliyokatwa kwa ajili ya kuni na mkaa, na kila msimu mizizi hiyo hutoa machipukizi mengi ambayo, yakiachwa yagombanie chakula na kuliwa na mbuzi, hubaki vichaka vya urefu wa goti miaka yote. Mtu huchagua machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hupogoa mengine pamoja na matawi ya chini, hufunga kipande cha kitambaa ili kila apitaye ajue kwamba kisiki hicho kina mwenyewe, kisha hurudi kukiangalia. Mbinu hii, inayojulikana mkoani kwetu kama Kisiki Hai, imeenezwa tangu mwaka 2018 na shirika la LEAD Foundation lenye makao yake Mpwapwa, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, na yeyote anayetaka kuona matokeo yake hahitaji kwenda mbali.

Faida yake kwa watu wasio na fedha iko wazi. Mche kutoka kitaluni unahitaji kumwagiliwa kiangazi kizima, na katika mitaa mingi ya pembezoni maji ya kumwagilia ni yale yale ambayo familia huyanunua kwa ndoo. Kisiki hakidai maji ya mtu, kwa kuwa mizizi yake ilikwisha kushuka kina kirefu zamani. Sipingi upandaji wa miti, maana ipo sehemu ambayo haina hata kisiki kimoja na huko lazima tupande. Ninachopinga ni kupanda kwa kufuata kalenda ya sherehe badala ya kalenda ya mvua. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ambayo kwa miaka mingi imeadhimishwa Aprili 1, inawafaa wenzetu wa mikoa yenye masika. Kwetu huo ni wakati ambao mvua inaaga. Siku ya Mazingira Duniani, Juni 5, ndiyo kabisa: ardhi imekwisha kupasuka, na mche unaopandwa siku hiyo bila mtu wa kuumwagilia umehukumiwa. Kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2017, wakati mvua zikianza, ilianza katika majira sahihi, na natamani shughuli zote zifuate mfano huo.

Mbali na visiki, tunachimba makinga maji kwenye mteremko ili mvua itulie kabla haijafika korongoni, na tunaondoa taka. Kuhusu taka sitasema mengi, kwa kuwa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi umekwisha kuzoeleka na watu wanajitokeza. Nitasema tu kwamba chupa za plastiki hazitusumbui sana siku hizi, kwa kuwa wapo wanaoziokota na kuziuza kwa kilo, lakini pampasi hazina mnunuzi, na hakuna kitu kinachomvunja moyo kijana aliyekuja kujitolea kwa mara ya kwanza kama kukabidhiwa reki na kuoneshwa kona ambayo pampasi za mtaa mzima hukusanyika. Gari la taka likipita kwa ratiba inayojulikana, kona hiyo itakwisha yenyewe.

Tatizo lisilokwisha kwa reki ni mchanga. Jiji linajengwa, na nyumba haijengwi bila mchanga. Hilo nalikubali bila ubishi, nami nyumba ninayoishi ilijengwa kwa mchanga wa mahali fulani. Lakini mchanga ni madini ujenzi, na leseni zake hushughulikiwa na mamlaka za madini, huku ushuru ukikusanywa na halmashauri, na wenye mtaa wakibaki watazamaji wa malori yanayoshuka korongoni alfajiri. Dereva akiulizwa huonesha karatasi. Karatasi hiyo inaweza kuwa halali, inaweza kuwa ya eneo jingine kabisa, na inaweza kuwa ya mwaka jana. Mwananchi wa kawaida hana namna ya kujua, na mwenyekiti wa mtaa mara nyingi hana pia. Msimu uliopita ukingo mmoja ambao akina mama wa kikundi walikuwa wameuimarisha kwa makinga maji na matete ulishuka wote baada ya tipa kuchota mchanga chini yake. Tulipofuatilia, ofisi moja ilituelekeza nyingine, na hiyo nyingine ikaturudisha tulikotoka.

Hapa ndipo penye kiini cha barua yangu, na naomba wanasheria na madiwani wanisome kwa makini. Kijiji, kwa sheria za serikali za mitaa za mwaka 1982, kina halmashauri yenye uwezo wa kutunga sheria ndogo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kinasimamia ardhi yake, na kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi na kuusimamia chenyewe. Mtaa hauna uwezo huo. Sehemu kubwa ya pembezoni mwa Dodoma ilikuwa vijiji ambavyo, jiji lilipotanuka, viligeuzwa mitaa. Wakazi walipata barabara, umeme na viwanja vilivyopimwa, na kwa kalamu ile ile wakapoteza chombo ambacho kingewawezesha kusema kwamba korongo hili haliguswi. Sidhani kama kuna aliyekusudia iwe hivyo. Ni pengo tu, na pengo huzibwa.

Kwamba wananchi wakipewa mamlaka wanaweza kulinda si nadharia. Katikati ya miaka ya 1990, vijiji vilivyozunguka msitu wa Duru-Haitemba wilayani Babati, na vile vitano vinavyozunguka msitu wa Mgori mkoani Singida, vilikabidhiwa usimamizi wa misitu ambayo awali Serikali ilikusudia kuichukua na kuifanya hifadhi zake. Wanakijiji wenyewe waliweka mipaka, wakatunga sheria ndogo, wakafanya doria, na misitu iliyokuwa ikimalizwa ikaanza kurudi. Mafanikio hayo yalisaidia kuandaa njia ya Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na sheria iliyofuata. Walinzi wale hawakuwa wenye moyo wa kujitolea kuliko wakazi wa mitaa ya Dodoma. Tofauti ni kwamba mlinzi wa Mgori alipomsimamisha mtu mwenye shoka, nyuma yake kulikuwa na kijiji chenye sheria iliyoandikwa.

Mkoa wetu pia una uzoefu wa njia nyingine, ile ya amri. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka sana la Kondoa. Aliyeyaona makorongo ya Irangi kabla na baada ya hapo atakiri kwamba ardhi ilipopumzishwa uoto ulirudi, na sehemu kubwa ya uoto huo haikupandwa na mtu. Hilo ni somo zuri kwa wale wanaoamini kwamba bila kitalu hakuna msitu. Hata hivyo gharama waliibeba wafugaji, ambao walilazimika kuhamisha ng'ombe zao au kuziuza, na katazo linalosimama kwa nguvu ya mradi huanza kulegea mara mradi unapomalizika. Ndiyo maana sisi hatukutaka kuanza kwa kuwafukuza wenye mbuzi. Tulikaa nao. Ilichukua mikutano mingi, na mmoja wa wazee wao alituambia wazi kwamba hawezi kukubali kufungiwa pori lote na watu waliomkuta hapo. Tulichokubaliana ni kupumzisha upande mmoja kwa wakati mmoja, mbuzi wakibaki na njia yao ya kuteremkia kwenye maji, na kwamba watoto wa machungani ndio waoneshwe maana ya vile vitambaa kabla ya mtu mwingine yeyote. Leo watoto hao ndio wanaotupa taarifa za mkata mkaa kabla hata moshi haujaonekana.

Nije kwenye suala la posho, kwa sababu nikilikwepa wasomaji wataniona mnafiki. Kila tunapoitisha kazi kuna anayeuliza kama kuna chochote, na viongozi wengine hulichukulia swali hilo kama dalili ya ukosefu wa uzalendo. Mimi silioni hivyo. Mama anayeuza vitumbua akifunga biashara yake asubuhi ya Jumamosi amepoteza kipato cha siku, ilhali mtumishi wa ofisini ambaye hakwenda kazini siku hiyo hajapoteza kitu, na si haki wote wawili kupimwa kwa kipimo kimoja cha moyo. Msaragambo wa zamani ulikuwa na chakula na pombe yake, na kila mtu alijua kwamba zamu yake ya kusaidiwa ingefika. Kwetu tumeona afadhali kazi iwe fupi, ianze mapema na imalizike kabla jua halijawa kali, na vifaa kama glavu, mapanga na toroli vinunuliwe kwa michango ya wenye uwezo badala ya kila mtu kuambiwa aje na vyake. Matawi yanayotokana na kupogoa hugawanywa kuwa kuni kwa waliofanya kazi. Si mshahara, lakini si bure.

Ninachoomba kwa halmashauri ya jiji, na kwa halmashauri nyingine za miji ya kanda hii zenye hali kama yetu, ni sheria ndogo inayohusu makorongo na mapori ya mijini, itakayowezesha kikundi kilichosajiliwa na kupitishwa na mkutano wa wakazi wa mtaa kuingia makubaliano ya maandishi na halmashauri juu ya eneo linalojulikana, lenye ramani na alama za mipaka. Makubaliano hayo yaseme kikundi kinafanya nini na halmashauri inafanya nini pale kikundi kinapotoa taarifa ya uharibifu, na ndani ya siku ngapi. Sisemi kikundi kipewe nguvu ya kukamata watu au kutoza faini. Tumeona mahali ambapo vijana waliopewa fimbo kwa jina la ulinzi waligeuka kero kuliko wezi wenyewe, na mimi nisingependa kuwa mwanachama wa kikundi cha namna hiyo. Ukamataji ubaki kwa wenye mamlaka. Tunachohitaji ni taarifa yetu iwe na uzito wa waraka, isiwe umbea wa watu wa mtaani.

Kwa upande wa mchanga, naomba mamlaka zinazohusika zisitoe wala kuhuisha leseni ya uchimbaji ndani ya mkondo unaotunzwa kwa makubaliano hayo kabla mkutano wa wakazi wa mtaa haujasikilizwa, na nakala ya kila leseni ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya mtaa, ikionesha mipaka na tarehe ya mwisho. Hilo la pili halihitaji sheria mpya wala bajeti. Linahitaji mashine ya kudurufu. Sehemu ya ushuru wa mchanga ikirudi kwenye mtaa ulikochimbwa kwa ajili ya kurekebisha kingo, itakuwa haki pia.

Liko jambo la mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na wapo wajenzi wanaodai kwamba katazo hilo linahusu mito inayotiririka mwaka mzima tu. Kwa mkoa ambao karibu mito yake yote ni ya msimu, dai hilo likikubaliwa sheria itakuwa haina kazi kwetu, kwa hiyo naomba waziri mwenye dhamana atoe ufafanuzi unaoeleweka. Wakati huo huo naomba ufafanuzi huo usitumike kuwaangukia kwanza wanaolima matuta machache ya mchicha kandokando ya korongo. Matuta hayo yanahamishika, na wenye nayo ndio wanaoshinda pale kila siku na kuona kila kinachotokea. Waanze wanaomwaga vifusi usiku na waliojenga kuta za zege katikati ya njia ya maji, hata kama kwa kufanya hivyo itabidi kugonga kwenye mageti makubwa.

Tunasikia habari njema za Bwawa la Farkwa na za mipango ya kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Dodoma, nami nazipokea kwa furaha kama mkazi yeyote aliyewahi kukesha akisubiri maji ya bomba yatoke. Maji hayo yakifika yatapunguza shida ya ndoo, lakini hayatazuia ukingo wa korongo kumeguka karibu na nyumba ya jirani yangu.

Mwisho, suala la muda. Sheria ndogo hupita kwenye baraza la madiwani, wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni, na baadaye hupelekwa kwa waziri kuidhinishwa, safari ambayo inaweza kula miezi. Malori huongezeka kiangazi, wakati ujenzi umepamba moto na korongo linapitika. Iwapo rasimu itaanza kujadiliwa kwenye mikutano ya mitaa ndani ya robo hii ya mwaka, kuna uwezekano wa kuwa na chochote cha kushika mkononi kabla ya mvua za Desemba. Wakati tukisubiri, idara ya mazingira ya jiji inaweza kumtuma ofisa wake aje kupima na kuchora mipaka ya maeneo ambayo vikundi tayari vinayatunza. Wanakikundi watashika kamba, na nguzo za kuwekea alama tunazo.

Wako,
Mwanakikundi wa kujitolea,
Dodoma.